Orodha ya Walio Nje

Jumapili, Machi 2

Mvua imeanza leo katikati ya mahubiri. Imepiga mabati hata Mchungaji akashindwa kusikika, akafunga Biblia, tukakaa robo saa tunatazamana. Ilipopungua akatangaza kwamba tangu leo hadi mvua hizi zikatike, kanisa litakuwa na msimu wa kuwafikia walio nje. Walio nje ni majirani zetu wote wasio washirika. Alisema kanisa lisilotoka kwenda kwa watu ni jengo tu. Nilimwitikia amina kwa moyo wote, maana ni kweli.

Nimeteuliwa katibu wa kamati ya msimu huu, kwa kuwa nafundisha darasa la nne na eti mwandiko wangu unasomeka. Mwenyekiti ni Mama Orodha. Jina hilo tulimpa sisi wa kwaya, mwenyewe hana habari nalo. Ana orodha ya vikombe vya kanisa, orodha ya wanaochelewa ibada, na nadhani anayo ya wanaopiga miayo. Wa tatu ni Mzee Kanuni, mzee wa kanisa tangu mimi sijaolewa. Huyo nisingependa kukaa naye meza moja, lakini sikuulizwa.

Alhamisi, Machi 6

Kikao cha kwanza. Chai ya kanisa ni maji ya moto yaliyopita karibu na majani.

Mama Orodha amechapisha fomu. Kila mshirika ataandika watu watano walio nje. Safu ya kwanza jina, ya pili uhusiano, ya tatu mahali anapopatikana, ya nne kizuizi. Nikauliza kizuizi ndiyo nini.

"Kile kinachomzuia mtu asije," akasema. "Pombe, uvivu, mke wa pili. Tukikijua, tunajua pa kugonga."

"Na nani atasoma?"

"Mchungaji peke yake, Mwalimu. Na Mungu. Zitafungwa kwenye bahasha."

Nimeliandika hilo kwenye muhtasari: zitasomwa na Mchungaji peke yake.

Jumamosi, Machi 8

Nimejaza fomu yangu. Wanne hawakunisumbua. Miongoni mwao yumo mama muuza mkaa anayeishi nyuma ya nyumba yetu, mjamzito wa miezi minane. Kwake niliandika: hana nguo ya kanisani.

Wa tano ni mume wangu. Ni seremala. Mtaa mzima unamwita Fundi, nami namwita hivyo hivyo, naye huniita Mwalimu, na tumelea binti na kuota mvi kwa majina hayo ya kazi. Viti virefu vya kanisa letu, vyote thelathini na vinne, ni vya mikono yake, na hakuna hata kimoja alichowahi kukikalia ibada ikiendelea. Watu humtania kwamba anaogopa misumari yake mwenyewe. Hucheka nao.

Sababu naijua. Kabla ya binti yetu tulipata mtoto wa kiume, akaishi siku kumi na moja. Ubatizo wa watoto ulikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, naye hakuifikia. Mimi nilikuwa kitandani nimeshonwa, sijui asubuhi wala jioni. Fundi akaenda kanisani kuomba mtu aje aseme neno kaburini, akamkuta Mzee Kanuni. Mzee akafungua kitabu, akapitisha kidole, akafunga. "Hakubatizwa, kwa hiyo hayumo," alimwambia. "Kanuni ni kanuni." Fundi akarudi, akatengeneza sanduku, akazika na majirani wawili, bila neno. Hiyo ni miaka kumi na tisa. Mimi nikaendelea kwenda kanisani kwa sababu nilihitaji mahali pa kuimba, naye hakunizuia.

Kila mwaka tarehe ile Fundi hujifungia karakanani akalia. Nilijua kwa bahati tu, siku moja nilipompelekea chakula nikakuta mlango umefungwa kwa ndani, nikamsikia analia. Nilirudi na sahani yangu. Hajui kwamba najua.

Safu ya nne ningeweza kuiacha wazi. Lakini mimi nafasi tupu kwenye fomu inaniwasha. Miaka ishirini na mbili nawakata watoto alama kwa nafasi tupu. Nikaandika: Kanisa lilikataa kumwombea mtoto wetu wa kwanza. Hajasamehe. Mpaka leo, kila mwaka tarehe ile, hujifungia karakanani akalia.

Nikafunga bahasha, nikajiona nimefanya jambo jema.

Jumapili, Machi 9

Bahasha zimekusanywa kwenye kapu. Mvua.

Jumatano, Machi 12

Watoto kumi na wanane tu darasani. Wengine wamezuiwa na mto. Tumefanya hesabu za sehemu, zile rahisi, na hata hizo hawakuzielewa.

Jumapili, Machi 16

Sitaki mtu aniambie nitulie.

Juu ya paa la kanisa wamefunga vipaza sauti viwili, midomo imeelekea mtaani, ili walio nje wasikie. Mchungaji akapanda madhabahuni na kapu. Akasema amesoma fomu zote, majina mia mbili na kumi na mbili, na ameongozwa asiibebe mizigo hii peke yake. Kanisa zima liibebe. Akaanza kusoma. Jina, mahali, kizuizi. Yule mwenye duka la dawa, pombe. Yule bibi wa kona, ushirikina. Muuza mkaa, hana nguo. Watu wakawa wanaitikia "ee Bwana", wengine wanageuka kutazamana, maana kuna utamu fulani kusikia ya jirani.

Nilijua jina la Fundi litafika. Nilikaa pale nikijua, kama mtu anayeona chungu kinatoka mikononi.

"Tumwombee fundi aliyetutengenezea viti hivi tunavyokalia," akasema. "Alifiwa na mtoto miaka mingi iliyopita, na mpaka leo hujifungia karakanani akilia. Hajakubali mapenzi ya Mungu."

Ee Bwana, kanisa likasema.

Sentensi yangu ya kwanza haikuwamo. Kanisa lilikataa, hayo hakuyasoma. Mwanafunzi wangu akinakili kutoka ubaoni akaruka mstari wa kwanza, namrudisha aandike upya yote. Huyu ana shahada mbili. Na mapenzi ya Mungu niliyatoa wapi mimi? Sikuandika neno hilo. Mzee Kanuni alikuwa kiti cha mbele, ameinamisha kichwa na wenzake, anamwombea mume wangu akubali.

Sikusimama. Naandika hili ili lisinipotee: sikusimama. Nilisubiri hadi baraka ya mwisho, nikashikana mikono mlangoni na watu waliokuwa wananitazama kwa huruma.

Karakana iko nyumba tatu kutoka kanisani. Fundi alikuwa anapiga randa ubao wa mlango. Wateja watatu walikuwa pale, mmoja anatazama viatu vyake. Walikuwa wamesikia. Mtaa wote ulisikia.

"Fundi," nikamwambia.

"Ulijua tangu lini?"

"Miaka kumi na sita."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa kipimo cha mbao. Akarudi kwenye randa. Hakuniita Mwalimu, hakuniita kitu.

Jumatatu, Machi 17

Hajaongea. Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi, wanasema, na mimi nimejikwaa kalamu, ambayo ni mbaya zaidi kwa sababu unapata muda wa kufikiri.

Jumanne, Machi 18

Binti yetu yuko chuoni, mji mwingine, safari ya kutwa nzima. Amenipigia jioni.

"Mama, baba anauliza ufunguo wa stoo uko wapi."

Baba huyo alikuwa chumba cha pili, hatua sita kutoka nilipokaa.

"Mwambie uko kwenye msumari wake."

Nikasikia simu yake inaita nyuma ya ukuta. Akasema "haya", akatoka, akachukua ufunguo, akapita mbele yangu.

Ijumaa, Machi 21

Binti: "Mama, baba anasema chumvi imezidi." Nikamwambia amwambie chakula kingine hakipo. Akacheka, kisha akauliza kuna nini kati yenu. Nikasema mvua.

Jumapili, Machi 23

Nimekwenda kanisani, nimekaa kwenye kiti alichokitengeneza Fundi, nimeshindwa kuimba.

Jumatano, Machi 26

Nimemfuata Mchungaji ofisini. Nilikuwa nimeyapanga maneno kama somo, na nimeyasema yote.

"Mama, moyo wangu ulikuwa safi," akajibu. "Lengo lilikuwa upendo."

"Tuliahidiwa utasoma peke yako. Ninayo kwenye muhtasari."

"Nimekusikia, na inaniuma."

"Ile sentensi ya kwanza uliiondoa kwa nini?"

Akatazama dirishani. Mvua ilikuwa inashuka kwenye mfereji wake mpya.

"Haikuwa ya kujenga," akasema. "Nilifikiri ingewavunja moyo washirika."

Alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa hadi nusu saa ikaisha. Mlangoni akaniambia kwa upole kwamba ningefikiria pia upande wa pili. Mimi ni katibu wa kuwafikia walio nje, na aliye nje wa kwanza yuko nyumbani kwangu. Watu watauliza. Huu ndio upole ninaoanza kuuchukia, kwa sababu huwezi hata kuukasirikia mbele za watu.

Nilidhani ana hila. Nimerudi nikijua hana. Anaamini kabisa, na hilo linanitisha zaidi.

Jumamosi, Machi 29

Kamati imemtembelea mume wangu. Walikuja watu saba, Mama Orodha na washirika wengine; Mzee Kanuni hakuwamo. Nilikuwa wa nane, na daftari.

Fundi alikuwa ndiyo kwanza amepaka gundi miguu ya meza ya mteja. Gundi ile haingojei mtu. Unapaka, unaunganisha, unabana kwa jiriwa, basi. Akawasalimia vizuri, akasema, "Nipeni dakika tano niibane hii."

"Mungu kwanza, Fundi," Mama Orodha akasema, na kabla hajajibu tukawa tumeshikana mikono kumzunguka. Akaomba yeye. Akaomba wa pili. Wa tatu alirudia ya wa kwanza kwa sauti kubwa zaidi. Nilifumbua jicho nikamwona Fundi anaitazama meza, mguu mmoja unateleza polepole upande wa kushoto, na hakuna mkono wa kuushika kwa sababu mikono yake miwili walikuwa nayo wao. Dakika arobaini. Walipomwachia, mguu ulikuwa umeshakauka ukiwa kombo.

"Amina," akasema Fundi.

Mama Orodha akakagua karakana kwa macho. "Na kile kistuli changu, Fundi, utakikumbuka? Mguu unacheza." Kisha akaninong'oneza niandike: ametembelewa, amelainika.

Nimeandika: ametembelewa.

Jioni binti akapiga. "Mama, baba anasema meza ya mteja imeharibika, na wewe ulikuwa umeshika kalamu."

Nilimwambia sina ujumbe wa kurudisha.

Ijumaa, Aprili 4

Muuza mkaa amejifungua mtoto wa kike. Shule imefungwa, nikapata nafasi ya kumpelekea supu. Chumba kimoja, magunia ya mkaa yamepandana hadi dirishani ili yasilowe, na mtoto katikati yake amefungwa kitambaa cheupe kabisa.

"Mwalimu, nilisikia kizuizi changu ni nguo," akasema, anacheka.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwomba radhi.

"Nguo ninayo. Ungeniuliza ningekuambia. Nilikuja kwenu mara moja, mwaka juzi. Nikasimama mwisho wa kiti, hakuna aliyesogea. Nikangoja wimbo mzima. Nikaondoka." Akambadilisha mtoto bega. "Labda waliogopa kuchafuka."

Nami nilikuwepo Jumapili ile. Lazima nilikuwepo, mimi sikosi. Inawezekana kiti kilikuwa changu.

Jumapili, Aprili 13

Sikwenda. Nimesema naumwa kichwa, na nikaumwa kichwa kweli.

Alhamisi, Aprili 17

Mvua siku ya nne mfululizo. Ukuta wa jikoni umeota ukungu. Fundi amekula karakanani.

Jumatano, Aprili 23

Kikao. Mama Orodha amesoma takwimu: waliotembelewa mia moja na kumi. Nikauliza wangapi kati yao tumewauliza jambo lolote. Akasema hakuna safu ya hilo.  Nilipomwinulia macho Mzee Kanuni, akawa anatazama mikono yake.

Jumapili, Aprili 27

Mtoto wa muuza mkaa anakohoa. Amepelekwa zahanati, wamempa dawa, wamemrudisha.

Jumanne, Aprili 29

Mtoto amefariki alfajiri. Kifua.

Mama yake alikuja mlangoni kwangu kabla ya saa moja, kanga kichwani inachuruzika maji. Hakulia. Alisema, "Mwalimu, mimi si wenu, najua. Lakini sitaki azikwe kimya kama paka. Hata maneno machache. Waambie waje."

Nilikwenda bila mwavuli. Mchungaji alisikitika kweli, alinishika mikono. Kisha akasema hawezi kuamua peke yake, akawaita wazee na wa kamati, na saa nne tukawa tumekaa tisa. Nikawekewa daftari mbele yangu.

"Amebatizwa?" Mzee Kanuni akauliza. Aliuliza chini chini, hakunitazama.

"Alikuwa na siku ishirini na tano," nikasema.

"Basi hayumo."

"Jamani, subirini," Mama Orodha akasema. "Hii ni fursa. Tuseme tunakwenda, lakini familia ikubali kwanza kuanza mafundisho. Wapo ndugu zake, wapo majirani. Unafikia watu thelathini kwa siku moja."

Wengi wakaitikia kwa vichwa kwamba ni neno la busara. Mchungaji akaniambia, "Andika, Mwalimu. Kanisa limekubali kwa sharti."

Niliweka kalamu chini.

"Sitaandika."

"Mama, tuko kwenye kikao."

"Najua tuko wapi. Mwenzenu ana maiti ya mtoto chumba kimoja na magunia ya mkaa, nanyi mnampangia masharti. Mlikaa miezi miwili mnatafuta jinsi ya kuwafikia walio nje. Huyu amekuja mwenyewe. Amepiga hodi. Hamkuhitaji fomu, hamkuhitaji vipaza sauti, mlihitaji viatu tu."

Mmoja akaanza kuniambia nipunguze sauti. Sikupunguza. Niliwaeleza ile sentensi iliyokatwa, yote, kitabu kilichofunguliwa na kidole kilichopitishwa, na nani alikuwa na kidole hicho. Mchungaji akamgeukia Mzee Kanuni. Nadhani hakuwa anajua ni nani.

"Ni kweli," Mzee akasema. Basi, maneno hayo mawili tu.

Mchungaji akafuta uso kwa leso. Akasema jambo hili ni zito, alipeleke ngazi ya juu lipatiwe mwongozo. Nikamuuliza mwongozo utachukua muda gani. Akasema wiki mbili hivi. Nikamuuliza kama mtoto angoje. Nikatoka.

Nilikwenda karakanani moja kwa moja, bado nimelowa. Fundi alikuwa ameshaanza. Muuza mkaa alikuwa amepita kwake kwanza, kabla yangu. Kwenye meza kulikuwa na mbao za mvule, zile nzuri alizokuwa anazitunzia kabati la binti yetu.

"Wamekataa," nikasema.

Alinyoosha ncha ya ubao upande wangu, nami nikaishika, naye akakata. Tulifanya hivyo hadi sanduku likaisha. Ni dogo mno. Hakuna kazi inayopaswa kuisha haraka namna ile.

Jumatano, Aprili 30

Tumezika saa nane mchana. Mvua ilikuwa ndogo lakini haikukatika, na udongo ulikuwa unarudi shimoni kila ukitolewa. Tulikuwa watu wasiozidi thelathini. Wateja wa mkaa, wanawake wa bombani, mwenye duka la dawa, ambaye alikuwa na akili timamu kabisa kuliko wote waliokaa kwenye kikao kile.

Jeneza likiwa limeshateremka, nikamwona Mzee Kanuni anakuja kwenye tope, koti jeusi, Biblia ndani ya mfuko wa plastiki. Peke yake. Akafika hadi kwa Fundi.

"Fundi, niruhusu niseme neno," akasema.

Fundi akamtazama. Niliogopa. Simjui Fundi kupiga mtu, lakini sikumjua pia kunyamaza wiki sita.

"Neno lako umechelewa nalo miaka kumi na tisa," akamwambia, bila kupaza sauti. "Shika chepe."

Mzee akampa mtu aliyekuwa karibu Biblia, akashika chepe. Ana miaka sabini na kitu. Alitupia udongo, akapumzika, akatupia. Kuna kijana alitaka kumpokea, Fundi akamzuia kwa mkono. Nilimwangalia Mzee yule akihema, maji yanatoka kwenye kofia yake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sikuona kanuni usoni mwake. Sikumhurumia. Nasema tu nilichoona.

Shimo lilipojaa, muuza mkaa akanitazama mimi.

Mimi si mtu wa kuomba mbele za watu. Nilifumba macho nikaanza. Nikalitaja jina la mtoto, ambalo mama yake alikuwa amemchagulia na kanisa halikuliuliza. Nikasema alikuwa na siku ishirini na tano na alipendwa zote. Nikasema Mungu ampokee bila kufungua kitabu chochote. Kisha kinywa changu kikaendelea chenyewe. Nikasema, na yule wetu pia, aliyekwenda bila neno, nikalitaja jina lake. Sikuwa nimewahi kulitaja kwa sauti. Watu hawakujua namtaja nani. Nilipofumbua macho Fundi alikuwa amevua kofia, mvua inampiga kwenye upara.

Ijumaa, Mei 2

Binti amepiga. "Mama, baba anaelekea dukani. Anauliza kama kuna kitu unataka."

Nikasema sukari. Akasema, "Nyie wawili mtanifilisi vocha."

Jumatano, Mei 7

Mvua zinakatika. Mchungaji ameniletea taarifa ya msimu, imeshachapwa, niisome mbele ya kanisa Jumapili.

Walioorodheshwa, mia mbili na kumi na mbili. Waliotembelewa, mia moja thelathini na moja. Waliofikiwa, sitini na tatu. Nikauliza hao sitini na tatu wametoka wapi, wakati kanisani sijaona hata sura tano mpya. Karibu nusu yao ni waliohudhuria mazishi. "Neno la Mungu lilitamkwa pale na mshirika wetu," akasema, "na mzee wetu alikuwepo." Chini kabisa, kwa mstari wa peke yake: Mume wa katibu, fundi wa viti, amefikiwa, alivua kofia wakati wa sala.

Nimesoma mstari huo mara nne. Mtu aliwapelekea hata habari ya kofia.

Jumapili, Mei 11

Nimesoma taarifa. Nilisimama mimbarini, nikasoma walioorodheshwa na waliotembelewa kama walivyoandika. Nilipofika kwenye waliofikiwa niliikunja karatasi.

Nikasema waliofikiwa siwajui, kwa sababu hatukumuuliza mtu yeyote swali lolote. Nikasema ninachojua ni kwamba tuliwatangaza majirani zetu kwa vipaza sauti, magonjwa yao na machozi yao, baada ya kuahidiana siri, na mimi ni mmoja wa walioandika. Nikasema muuza mkaa alikuja humu mwaka juzi, akasimama wimbo mzima na hakuna aliyesogea. Nikasema karibu wiki mbili zilizopita mtoto wake alizikwa na kanisa halikufika, na kwamba si mara ya kwanza. Nilikuwa naanza habari ya mtoto wangu, ndipo Mama Orodha akachomoa waya wa maikrofoni.

Mwalimu wa darasa la nne hahitaji waya. Nilimaliza.

Hakuna aliyepiga makofi, na sikuwa nataka makofi. Mtoto mmoja alikuwa analia nyuma. Mzee Kanuni akasimama kiti cha mbele, akajishikiza kwa mikono yote miwili, akasema, "Aliyekataa ni mimi. Mara zote mbili." Akakaa. Mchungaji akasema tuimbe, wachache wakaimba. Niliacha daftari na kalamu mezani, nikashuka, nikatoka mlango wa mbele. Nasikia baadaye walijadili kama kujiuzulu kwangu kunahitaji barua.

Bado nina hasira. Naandika hili kwa sababu kila mtu atakayenitembelea wiki hii atataka kusikia kwamba zimeisha.

Karakana ilikuwa imefungwa, kwa ndani. Nilisimama mlangoni kama nilivyosimama na ile sahani. Safari hii nikagonga.

Akafungua. Hakuwa analia. Alikuwa amekaa juu ya gogo la kukatia, hafanyi kazi yoyote, na ilikuwa wazi kwamba alikuwa ananingoja.

"Ulilitaja jina," akasema. Kwangu, siyo kwa simu.

"Nililitaja."

"Nilidhani umelisahau."

"Mimi humwombea kila jioni. Nikiosha vyombo."

Akanitazama kama ambaye hakusikia vizuri. "Kila jioni? Miaka yote hii?"

"Kila jioni."

"Mbona sijawahi kukusikia?"

"Huwa naomba kimya."

Fundi akafuta vumbi la mbao magotini, polepole, goti moja kisha la pili. "Ulijua nalia, Mwalimu, hukuingia," akasema. "Na mimi nilitafuta mtu wa kumsemea neno hadi kanisani, nikafukuzwa. Kumbe yuko jikoni kwangu. Ungesema kwa sauti, ningekuja nikasimama."

Akasogea kwenye gogo, akaniachia nafasi, nikakaa.

"Haya," akasema. "Sema nisikie."

Nikasema.